Picha Ilitoka Safi

Mtaa ule una upande wa jua na upande wa kivuli. Upande wa jua kuna karakana ya kuchomelea vyuma. Upande wa kivuli kuna vyumba viwili vya biashara vilivyoshikana. Kimoja ni cha fundi cherehani, kingine ni cha kinyozi. Fundi cherehani ni mke wa mchomeleaji. Kinyozi si ndugu wa mtu yeyote pale. Kwa maoni ya mchomeleaji, balaa lote lilianzia hapo.

Mchomeleaji watu walimwita Geti, kwa sababu mageti ndiyo yaliyokuwa yakimpa kula. Mkewe walimwita Mama Sare. Watoto wengi wa mtaani walikwenda shule na sare alizoshona yeye, akiwemo binti yao mmoja. Familia iliishi nyuma ya chumba cha cherehani, katika vyumba viwili na jiko dogo.

Asubuhi Geti alivuka barabara, akafungua karakana, akavaa kofia yake ya kuchomelea. Kofia ile ina kioo cheusi mbele. Ukiivaa, hakuna anayejua macho yako yanatazama wapi. Siku hizi Geti aliipenda sana.

Shida ni kwamba kioo kile ni cheusi kweli. Aliyekivaa haoni kitu ila moto. Basi Geti alikuwa anakiinua kila mara, anachungulia ng'ambo ya barabara, kisha anakishusha. Mara nyingine alisahau kukishusha, na moto ukampiga machoni. Ndiyo maana alikuwa na macho mekundu kama mtu aliyelia msibani.

Mwenye duka la mbao alikuja kuchukua geti lake. Alilitazama juu, akalitazama chini.

"Fundi, geti hili linacheka," alisema.

"Linachekaje?"

"Angalia. Hapa katikati limeachama. Mimi nilitaka geti la kufunga, si la kucheka."

Geti aliahidi kulinyoosha. Lakini hata alipokuwa anaahidi, macho yake yalikuwa upande wa kivuli. Mama Sare alikuwa ameinuka kwenye cherehani. Alichukua kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, akakikumbatia tumboni, akaingia kwa kinyozi.

Aliingia uso umekunjamana. Alitoka uso umekunjuka. Hilo ndilo lililomuua Geti kabisa.

Tumzungumzie huyo kinyozi kidogo. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na marashi mepesi. Alizungumza polepole. Alisikiliza watu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusimama nyuma yao huku wakisema shida zao. Geti alijitazama mikono yake yenye masizi. Akajinusa shati. Lilinuka moshi. Moyo ulimwaka.

Na nyumbani mambo yalikuwa yamebadilika. Zamani Mama Sare alikuwa mcheshi kitandani na mezani. Sasa alikuwa analala ameelekea ukutani. Geti akimgusa bega, mwili wake ulikakamaa.

"Nimechoka, baba," alikuwa anasema.

"Kila siku umechoka?"

"Kazi ya kukaa si mchezo."

Akilini Geti alikuwa anapiga hesabu zake. Na hesabu zenyewe zilikuwa hivi.

Zaidi ya mwaka mmoja nyuma, Mama Sare alianza kuumwa chini ya kitovu, kwenye nyonga. Maumivu yalikuja na kuondoka. Alikwenda duka la dawa, akapewa antibayotiki. Hakupona. Akapewa nyingine. Wakasema ni mkojo mchafu, ingawa hakuna aliyeupima. Mwisho Geti mwenyewe alimpeleka kupiga picha ya altrasaundi. Aliyepiga picha alisema, "Picha ni safi. Hakuna uvimbe, hakuna tatizo."

Geti alifurahi sana siku ile. Aliimba njia nzima. Lakini baada ya siku chache mkewe akasema bado anaumwa.

"Picha imetoka safi," Geti alimwambia kwa upole. "Usiwe na wasiwasi."

Akasema tena. Geti akacheka. "Mama, picha ilisemaje?"

Akasema mara nyingine. Safari hii Geti alikasirika. "Picha safi! Sasa unaumwa nini?"

Tangu hapo Mama Sare hakusema tena. Na Geti, kwa akili yake ya chuma, aliona kimya kile ni kupona. Basi hesabu ikawa rahisi. Picha ni safi, kwa hiyo haumwi. Haumwi, lakini ananikwepa. Ananikwepa mimi, lakini kwa kinyozi haishi kwenda. Kwa hiyo ana mtu, na mtu mwenyewe ananukia.

Dada yake Geti naye alichochea moto. Alipita karakana siku moja akiwa na mfuko wa vitunguu, akasimama akatazama alikotazama kaka yake.

"Ana ndevu?" aliuliza.

"Nani?"

"Wifi yangu. Kama hana ndevu, kwa kinyozi anafuata nini?"

Swali lile lilimfuata Geti hadi mezani. Alishindwa kula mchana, na jioni alikula kwa hasira. Siku iliyofuata alimpigia simu shemeji yake, kaka mkubwa wa Mama Sare.

"Shemeji, njoo Jumamosi."

"Kuna nini? Mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Njoo uongee na dada yako. Na uje na begi kubwa."

Shemeji alielewa maana ya begi kubwa. Alisema atakuja.

Mama Sare hakujua. Siku ya Ijumaa alikuwa anashona pindo la sketi huku amekalia upande mmoja. Kwenye benchi alikaa muuguzi wa kituo cha afya, aliyeishi mtaa wa pili. Alikuwa amekuja kupanuliwa gauni lake la kazi.

"Mbona unakaa hivyo, kama kiti kina msumari?" muuguzi aliuliza.

"Mazoea tu," Mama Sare alijibu. Kisha jasho likamtoka. Alisimama kwa kushika meza. "Nisubiri dakika moja, dada yangu."

Akachukua kile kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, akatoka.

Ng'ambo ya barabara, Geti aliinua kofia. Damu ikamchemka. Hakuzima hata mashine. Alivuka barabara na glavu zake za ngozi, kofia imekaa juu ya kichwa. Akaingia kwa kinyozi bila hodi.

Ndani kulikuwa na mteja kwenye kiti, nusu ya uso ina povu. Kinyozi alikuwa ameshika jagi la umeme. Mama Sare alikuwa amesimama mbele yake ameshika chupa.

"Lete hapa!" Geti alisema. Akavua glavu, akamnyang'anya mkewe ile chupa. Mara akaruka. "Aah! Inaunguza!"

"Ni maji ya moto," kinyozi alisema. "Ulitegemea yawe ya baridi?"

"Maji ya nini?"

"Ya kunyolea. Huwa nachemsha ya wateja. Mkeo namjazia chupa yake."

"Ili afanye nini?"

Mama Sare alimpokonya ile chupa, akaifunga kwa kitambaa chake, akaiweka tumboni. Hakumtazama kinyozi. Alimtazama mumewe.

"Naumwa, baba."

"Bado?"

"Sijawahi kupona. Niliacha kusema tu."

Geti alisimama pale mdomo wazi. Lakini wivu haukubali kuondoka kirahisi. Ukitolewa mlangoni, hurudi kupitia dirishani.

"Na nyumbani hakuna moto? Kwa nini uje kuchukua maji kwa huyu?"

"Nyumbani nikibandika maji, unaniuliza picha ilisema nini."

"Huyu haulizi?"

"Huyu aliniona nimeshika ukuta, akaniuliza, 'Dada, unaumwa?' Nikamwambia naumwa. Akasema, 'Maji ya moto yapo.' Basi, hakuongeza neno."

Hapo ndipo Geti aliumia kweli. Angalau angemkuta mkewe ameshikwa mkono, angejua pa kuanzia ugomvi. Lakini mkewe alikuwa amempa mtu mwingine neno ambalo yeye alinyimwa. Aliuonea wivu mdomo wa mkewe. Aliyaonea wivu masikio ya kinyozi.

"Yeye ulimwambia," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi hukuniambia."

"Wewe nilikwambia wa kwanza," Mama Sare alijibu.

Yule mteja wa kwenye kiti akakohoa. "Samahani jamani. Povu linakauka."

Muuguzi alikuwa ameshafika mlangoni. Ukuta kati ya vyumba viwili ulikuwa wa mbao, na alikuwa amesikia yote.

"Naomba tutoke tumwachie mtu anyolewe," alisema. "Twendeni kwa cherehani."

Wakaenda. Geti alikaa kwenye benchi, juu ya vipande vya vitambaa. Muuguzi alivuta kiti.

"Maumivu haya yana muda gani?" alimuuliza Mama Sare.

"Zaidi ya mwaka."

"Picha ilitoka safi," Geti akadakia. Ilikuwa kama desturi.

"Baba, kichwa kimewahi kukuuma?"

"Mara nyingi. Hasa siku hizi."

"Tukikipiga picha, ikatoka safi, kitaacha kuuma?"

Geti aliwaza. "Hakitaacha."

"Basi na nyonga ni hivyo hivyo. Altrasaundi inaonyesha vitu fulani, kama uvimbe mkubwa au maji mahali pasipotakiwa. Vitu vingi haivionyeshi. Haionyeshi misuli iliyokaza. Haionyeshi mishipa ya fahamu iliyochokozwa. Picha safi ni habari njema, lakini haisemi kwamba mtu haumwi. Anayejua kama anaumwa ni mwenye mwili."

Mama Sare aliinamisha kichwa kwenye cherehani akalia. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia maneno yale.

"Maumivu ya nyonga yakikaa nusu mwaka au zaidi, tunayaita maumivu sugu," muuguzi aliendelea. "Yanahitaji kuchunguzwa upya, kwa utulivu. Kesho asubuhi daktari wa kina mama yupo kituoni. Njooni wote wawili. Na hizo antibayotiki za kujinunulia, ziacheni."

Kesho yake walikwenda. Msimsifu Geti bado. Hakwenda kwa huruma peke yake. Alikwenda kwa sababu alitaka kusikia kwa masikio yake mwenyewe, asije akatokea mtu mwingine akasikia kabla yake.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye miwani na kicheko cha karibu. Alimwita Mama Sare peke yake kwanza. Mlango ukafungwa. Geti alibaki kwenye benchi la nje, akiuonea wivu mlango.

Ndani daktari aliuliza mambo mengi, bila haraka. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nyumbani uko salama? Anakupiga? Anakulazimisha tendo la ndoa?"

"Hanipigi. Halazimishi. Ananinunia tu."

"Na tendo lenyewe?"

Mama Sare alichezea ncha ya kitambaa chake. "Linauma, daktari. Ndani kabisa. Na baada ya hapo nashinda naumwa. Kwa hiyo naelekea ukutani. Yeye anadhani simpendi."

"Umewahi kumwambia?"

"Niliona haya. Na nilijua atanitajia picha."

"Ungependa aingie tuzungumze pamoja? Ni hiari yako."

"Aingie. Lakini nikisema atoke, atoke."

"Hapa wewe ndiye mwenye amri," daktari alisema, akafungua mlango.

Geti aliingia akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Nataka kujua maumivu yana mpangilio gani," daktari alimwambia Mama Sare. "Yanakuja wakati gani hasa?"

"Yanakuja tu," alijibu. Alikuwa amezoea kuyapunguza kwa maneno. "Mara yapo, mara hayapo."

"Si kweli," Geti alisema.

Wote wawili walimtazama.

"Siku zake za mwezi zikikaribia, anakwenda kwa kinyozi asubuhi na jioni," Geti alisema. "Zikiisha, anapunguza. Msimu wa kufungua shule, anaposhona mfululizo, anakwenda hata mwezi ukiwa katikati. Akiinuka, hushika kwanza meza, halafu hushika huku, upande wa kushoto. Akienda chooni siku zile za mwezi, anakaa sana na anatoka ameuma meno. Na siku ambazo... siku ambazo tumekuwa pamoja, kesho yake anatembea kama amebeba ndoo kichwani na hataki imwagike."

"Umeyajuaje yote haya?" daktari aliuliza.

Geti aligundua alichokisema. Uso ulimshuka. Kila jambo alilolitaja alikuwa ameliona kwa jicho lake mwenyewe, kutoka ng'ambo ya barabara na ndani ya nyumba yake, mwezi baada ya mwezi. Alikuwa amekusanya ushahidi wa mwanamke mwenye mtu wa pembeni. Sasa aliusoma kwa sauti, na hapakuwa na mtu wa pembeni. Palikuwa na mtu anayeumwa.

"Nilikuwa namchunga," alisema. "Nilikuwa namwonea wivu."

Mama Sare alimgeukia. "Uliona mpaka nashika upande wa kushoto?"

"Niliona."

"Na bado ukadhani ninakwenda kustarehe?"

Geti alitazama viatu vyake. Alijichukia kwa dhati, na nadhani alistahili.

Daktari hakupoteza muda kumgombeza. "Ulichosema kina faida kubwa," alisema akiandika. "Picha haikuweza kunieleza hayo."

Kisha akaeleza hatua. Alipima mkojo kuona kama kuna maambukizi, na kuhakikisha hakuna mimba. Alipima magonjwa ya zinaa, na akasema wazi kwamba ni kipimo cha kawaida kwa kila mwenye maumivu kama haya, si tuhuma. Geti alikaa kimya, safari hii kwa akili. Kabla ya kumpima Mama Sare nyonga, daktari alimweleza atakachofanya na kumwomba ruhusa. Muuguzi alisimama kando yake. Geti alitoka bila kuambiwa mara mbili.

Aliporudishwa ndani, daktari alichora mchoro mdogo kwenye karatasi.

"Nyonga ni chumba chenye wapangaji wengi," alisema. "Kuna mji wa mimba, kibofu cha mkojo, utumbo, misuli na mishipa ya fahamu. Mmoja akisumbuka, wote wanakosa usingizi. Kwa hiyo maumivu sugu mara nyingi hayana chanzo kimoja. Mkojo ni safi, na maambukizi ya nyonga siyaoni. Kwa jinsi maumivu yanavyofuata hedhi, ninashuku ugonjwa uitwao endometriosisi."

"Ndiyo nini?" Mama Sare aliuliza.

"Ndani ya mji wa mimba kuna utando ambao hutoka wakati wa hedhi. Kwa baadhi ya wanawake, vipande vinavyofanana na utando huo huota nje ya mji wa mimba. Kila mwezi vinawaka na kuleta maumivu. Mara nyingi picha ya kawaida haivioni."

"Ni saratani?"

"Hapana, si saratani. Hukuambukizwa na mtu, na hukufanya kosa. Pia nimekuta misuli ya chini ya nyonga imekaza sana. Mwili ukiumwa muda mrefu, misuli hujikunja kujilinda. Halafu kule kujikunja kunaleta maumivu mengine. Na mishipa ya fahamu huzoea kupiga kelele hata pasipo na sababu kubwa."

Geti aliinua kichwa. "Kama chuma. Moto umezimwa, lakini ukigusa bado kinaunguza."

"Hasa," daktari alisema. "Kinahitaji muda wa kupoa."

"Kwa hiyo atapona?" Geti aliuliza.

"Siwezi kuahidi kwamba atapona moja kwa moja. Wengi hupata nafuu kubwa. Lengo letu ni alale, afanye kazi, acheke."

Alimpima Mama Sare shinikizo la damu na kumuuliza kuhusu magonjwa mengine. Kisha akampa vidonge vya homoni vya kutuliza hedhi, baada ya kuhakikisha kwamba vinamfaa na kwamba kwa sasa hatafuti mimba. Akampa pia dawa ya maumivu, ainywe baada ya chakula, maumivu yanapoanza tu, bila kuzidisha kipimo. "Usisubiri yakushinde nguvu," alisema. "Na kama una vidonda vya tumbo au tatizo la figo, niambie, nibadilishe." Akampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, amfundishe kulegeza misuli ya nyonga na kupumua kwa tumbo.

"Huyo mtaalamu ni mwanamume au mwanamke?" Geti aliuliza.

"Mwanamke."

"Sawa."

"Na angekuwa mwanamume?" mkewe aliuliza.

Geti alimeza mate. "Pia sawa," alisema, lakini ilimchukua muda.

Daktari alicheka. Kisha akawa makini. "Kuhusu chumbani. Tendo la ndoa lisimame kwa sasa, mpaka yeye mwenyewe aseme yuko tayari. Likianza tena, liwe polepole, na akisema basi, ni basi. Mkilazimisha, misuli itakaza zaidi. Mapenzi yana njia nyingi. Na jambo la mwisho. Ukipata maumivu makali ya ghafla, homa, kutokwa na damu nyingi, kuzimia, au maumivu huku hedhi imechelewa, usisubiri miadi. Njoo hapo hapo. Na tusipoona nafuu baada ya miezi michache, nitakupeleka kwa bingwa. Anaweza kuchungulia ndani kwa kamera ndogo."

Nje ya kituo, Geti alikumbuka lile begi. Alitoa simu mbio mbio, akasogea pembeni.

"Shemeji, usije!"

"Nimeshafika," sauti ilisema. "Sikuwakuta. Nimekaa hapa kwa kinyozi, ananinyoa."

Geti alifumba macho. "Amekwambia nini?"

"Yote. Shemeji, uliniita nije nimchukue dada yangu kwa sababu ya chupa ya maji?"

Mama Sare alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa amesikia.

"Ulitaka kunirudisha kwetu?" aliuliza.

"Nilitaka."

"Bila kuniuliza?"

"Bila kukuuliza. Nisamehe, mke wangu. Nilikuwa nakuangalia kutwa, lakini sikuuliza."

Mama Sare hakusema amemsamehe. Alisema, "Nibebee mfuko wa dawa. Ni mwepesi, lakini ubebe." Wakatembea hadi nyumbani, naye Geti alijua bado hajarudishiwa nafasi yake.

Nafuu haikuja kama mvua. Wiki za kwanza Mama Sare alitokwa na damu kidogo kidogo kwa sababu ya vidonge. Alirudi kituoni, akaelezwa kwamba hutokea na mara nyingi hutulia. Mazoezi ya kupumua aliyaona ya kitoto. "Mtu mzima nafundishwa kuvuta pumzi!" alilalamika. Lakini aliyafanya kila siku, amelala chali, mikono tumboni.

Geti alimtengenezea kiti kipya cha kushonea. Alipima urefu wa miguu yake ili nyayo zikanyage chini vizuri, akaweka mto mgongoni. Kiti kile hakikupinda hata kidogo. Muuguzi alishauri awe anainuka na kunyoosha mwili kila anapomaliza nguo moja. Wateja walizoea kumkuta amesimama anazungusha kiuno, na watoto waliokuja kupimwa sare wakamwiga.

Maji ya moto sasa Mama Sare aliyachemsha jikoni kwake. Mara nyingi Geti ndiye aliyebandika, akaifunga chupa vizuri kwa kitambaa isimuunguze ngozi. Kwa kinyozi alikwenda mwenyewe siku moja kunyolewa. Alikaa kwenye kiti kama mtu aliyepelekwa mahakamani.

"Nilikudhania vibaya," alisema.

"Nilijua," kinyozi alijibu. "Lakini una mkono mzito, sikutaka kukusahihisha." Wakacheka, ingawa Geti aliendelea kuona kwamba marashi yale yamezidi.

Wivu haukumwisha. Nisiwadanganye. Siku moja Mama Sare alimsifu sana yule mtaalamu wa mazoezi. "Ana mikono myepesi. Anasikiliza. Nikimwambia panauma, anaamini." Geti alisikia kitu kikimchoma kifuani. Zamani angevaa kofia yake na kwenda kuharibu geti la mtu. Sasa aliweka kijiko chini.

"Hapo ulipoumwa leo ni wapi?" aliuliza. "Niambie na mimi."

Mama Sare akamwambia. Naye hakutaja picha.

Miezi ilipita. Siku mbaya zikapungua, nzuri zikaongezeka. Hedhi, iliyokuwa inamlaza, sasa ilikuwa inamsumbua tu. Aliacha kukalia upande mmoja. Siku akiumwa, alisema wazi, mbele ya mumewe, mbele ya wifi yake, hata mbele ya wateja: "Leo nyonga inaniuma, nguo yako kesho." Wifi yake alisikia. Kisha akauliza kwa aibu kile kituo cha afya kinafunguliwa saa ngapi, maana na yeye ana maumivu yake ya siku nyingi. Walikwenda pamoja.

Kitandani, Mama Sare aliacha kuelekea ukutani. Walilala wakizungumza, basi. Geti hakuomba zaidi. Alikuwa ameshaelewa kwamba zamu ya kusema si yake.

Jumapili moja mchana, binti yao alikuwa amekwenda kwa shangazi yake. Karakana ilikuwa imefungwa. Mama Sare alimaliza kuosha vyombo, akakausha mikono, akaja akasimama mlangoni mwa chumba cha kulala.

"Funga mlango wa dukani," alisema.

"Kuna nini? Unaumwa?"

"Nikiumwa huwa nasema."

Geti alimtazama usoni. "Una uhakika?"

"Ninao. Na nikisema basi?"

"Basi ni basi."

Alikwenda kufunga, akarudi akijikwaa kwenye kiti. Hawajakaa sana, mlango wa dukani ukagongwa.

"Hodi! Fundi yupo? Nimeleta suruali!"

Geti akafungua mdomo kujibu. Mama Sare akauziba kwa kiganja, akainua sauti yeye mwenyewe.

"Fundi hayupo!"

Mteja akasogea karibu na mlango.

"Sasa anayejibu ni nani?"

Geti alijaribu kujizuia, akashindwa. Mama Sare naye akashindwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nje mteja alibaki amesimama na suruali yake mkononi, akiwasikiliza watu wawili wanaocheka.